Mpira mwekundu, mwavuli wa waridi, yungiyungi lenye mistari: utajuaje kipi ni kipi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi huko Kajiado. Mvua za kwanza zikinyesha, wanafunzi huniletea maua ya vitunguu pori. Kuna mekundu yaliyojikusanya kama mpira. Kuna ya waridi yanayotoka karibu na ardhi, majani yake yamelala chini. Kuna makubwa meupe yenye mstari mwekundu. Programu ya simu inanipa majina tofauti kwa mmea huo huo: mara Haemanthus, mara Boophone, mara Crinum, mara Ammocharis. Jirani yetu anasema mmojawapo ni adimu, tuung'oe tuupande shuleni kabla haujaisha. Nitajuaje kipi ni kipi, na je, kweli ni adimu?

Jibu:

Mwalimu, tuanze na hilo la kung'oa, maana ndilo kosa lisilorekebishika. Msing'oe. Kitunguu pori kikichimbwa wakati wa kuchanua hupoteza mizizi yake minene, na mingi ya mizizi hiyo huishi mwaka hadi mwaka. Kikipandwa upya kinaweza kukaa msimu mzima au zaidi bila kutoa ua, na kikikaa kwenye maji huoza. Isitoshe, ukishakihamisha umepoteza nusu ya ushahidi: udongo kilimoota, kivuli, mteremko, majirani zake. Habari njema ni kwamba karibu kila unachohitaji ili kukitambua kiko juu ya ardhi.

Hayo majina manne uliyopewa yametokana na kosa moja, nalo ni kutazama rangi na umbo la jumla. Katika mimea hii rangi ni shahidi wa mwisho kabisa. Ua la Crinum hufunguka jeupe jioni, na kesho yake mchana likianza kunyauka huwa la waridi. Ammocharis angolensis nayo huanza nyeupe kisha ikageuka waridi. Mtoto akikuletea ua la siku ya pili, utaandika rangi ambayo ua halikuwa nayo lilipofunguka. Kwa hiyo swali la kwanza kuuliza si "lina rangi gani?" bali "limeungana wapi na bua lake, na kwa namna gani?"

Chukua ua moja, ulitazame kwa ubavu. Mahali petali zinapoanzia, tafuta uvimbe mdogo wa kijani: hiyo ndiyo ovari, mahali mbegu zitakapokua. Kama uvimbe uko chini ya petali, nje ya ua, na maua yote yametoka nukta moja kwenye ncha ya bua kama mbavu za mwavuli, upo kwenye familia ya Amaryllidaceae. Humo ndimo walimo Scadoxus, Boophone, Crinum, Ammocharis, Cyrtanthus na Pancratium. Kama ovari iko ndani ya ua, petali zimeizunguka, na maua yamepangika kando ya bua moja baada ya jingine kama suke, upo kwenye kundi la Drimia, Albuca, Ledebouria na Drimiopsis. Kipimo hiki kimoja huchukua sekunde kumi na huondoa nusu ya makosa yote.

Alama ya pili ya Amaryllidaceae ni ala. Kabla maua hayajafunguka, mwavuli mzima hufunikwa na vijani viwili au zaidi vinavyofanana na utando au magome membamba. Viangalie vingali vibichi, kwa sababu katika baadhi ya spishi hunyauka upesi, na kule kunyauka au kutonyauka kwenyewe ni dalili.

Sasa huo mpira mwekundu. Kama umeota kichakani, kwenye kivuli cha miti au kati ya mawe, basi bila shaka kubwa ni Scadoxus multiflorus. Kichwa kimoja kinaweza kubeba maua mengi sana, hadi 200. Kila ua ni dogo, lina mrija mwembamba, petali sita nyembamba, na stameni nyekundu zinazochomoza nje zikiwa na chavua ya njano kwenye ncha. Kinachotuonyesha mpira si petali hasa bali nyuzi hizo za stameni. Bua mara nyingi lina madoadoa ya zambarau karibu na ardhi. Majani hutoka pamoja na ua au baada yake, ni laini, mapana, yana mshipa wa kati unaoonekana wazi, na vikonyo vyake hukumbatiana na kuwa kama shina la uongo, jinsi mgomba unavyofanya.

Boophone disticha nayo hutoa mpira wa maua, wa waridi hadi mwekundu, tena kabla ya majani. Hapo ndipo simu inapochanganyikiwa. Lakini ukiinama ukatazama chini, hutakosea. Kitunguu cha Boophone huchomoza juu ya ardhi, wakati mwingine sehemu kubwa yake, nacho kimevikwa tabaka nene la magamba makavu kama karatasi za kahawia zilizopangwa moja juu ya nyingine. Magamba hayo hukilinda moto wa nyika unapopita. Scadoxus kitunguu chake kimefukiwa. Kisha majani: ya Boophone hutoka kwa safu mbili zinazotazamana, yakafunguka kama feni kubwa ya mkono iliyosimamishwa wima, yana rangi ya kijani cha kijivu na mara nyingi ukingo wake umejikunja mawimbi. Hayana mshipa wa kati ulio wazi wala kikonyo. Hata ukifika baada ya maua kuisha, bado unaweza kujua. Vikonyo vya Boophone hurefuka na kukakamaa baada ya kuchanua, kichwa kizima kinakuwa kama gurudumu la mianzi, kinakatika na kuviringishwa na upepo huku kikimwaga mbegu. Scadoxus haifanyi hivyo. Matunda yake ni mviringo, ya nyama, yanaiva mekundu na kubaki juu ya bua mpaka ndege au mkono uyachukue.

Kuhusu Haemanthus, lifute jina hilo kwenye orodha yako. Jenasi hiyo, yaani kundi hilo la spishi ndugu, asili yake ni kusini mwa Afrika tu. Mmea wetu uliitwa Haemanthus multiflorus kwa muda mrefu, hadi mwaka 1976 wataalamu Friis na Nordal walipoitenga jenasi ya Scadoxus kwa hoja za majani, kitunguu na idadi ya kromosomu: 18 kwa Scadoxus, 16 kwa Haemanthus. Vitabu na wauzaji wa maua wengi bado hutumia jina la zamani. Kwa hiyo simu haikukosea mmea kabisa, imekupa tu jina lililopitwa.

Kuna ndugu yake mmoja wa kuangalia ikiwa una marafiki walioko kusini mwa Tanzania: Scadoxus puniceus. Huyu kichwa chake si mpira, ni kama brashi ya kunyolea ndevu, kwa sababu ala zake ni kubwa, zina rangi, na zinabaki zimesimama wima kuyazunguka maua. Kwa multiflorus ala hulegea na kunyauka mapema, maua yakapata nafasi ya kutanuka pande zote. Hiyo ndiyo sababu tulisema uzitazame ala mapema: ukichelewa siku chache umepoteza alama bora kuliko zote kati ya hawa wawili.

Tuje kwenye lile la waridi lililokaa chini, ambalo ndilo gumu zaidi na ndilo linalostahili muda wako. Kwenye nyika za Kajiado mgombea wa kwanza ni Ammocharis tinneana. Mwanzoni, mwaka 1867, mmea huu ulipewa jina la Crinum tinneanum, kwa heshima ya Alexine Tinne, mwanamke Mholanzi aliyesafiri maeneo ya Naili ya juu. Ukiona hata wataalamu waliupanga kwanza ndani ya Crinum, usijilaumu kwa kuchanganyikiwa.

Piga magoti ulitazame jani. Majani ya Ammocharis hutoka kwa mafungu mawili, kila fungu limetanda upande wake kama feni iliyolazwa, na yote yamelala ardhini. Ukitazama kutoka juu utaona mabawa mawili. Crinum majani yake hutoka kwa kuzunguka, yakasimama kwanza kisha yakainama pande zote kama chemchemi. Sasa fuata jani moja la Ammocharis hadi kwenye ncha. Mara nyingi halina ncha iliyochongoka: limekatika butu, na ukingo wa pale lilipokatika ni mkavu wa kahawia. Hakuna mbuzi aliyelila. Jani lile lile la mwaka jana lilikauka kiangazi likabaki kisiki ndani ya kitunguu, na mvua ilipokuja likaendelea kukua kutoka chini, likasukuma ncha yake iliyokufa mbele. Ni jambo zuri la kuwaonyesha wanafunzi kwa lenzi. Ila tahadhari: baadhi ya Crinum za nyika hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo ncha butu pekee haitoshi kuwa hukumu. Kinachoamua ni yale mabawa mawili, halafu ua.

Ua la Ammocharis tinneana limesimama sawasawa pande zote. Mrija ni mrefu mwembamba, petali ni nyembamba na zinajikunja nyuma kama utepe uliovutwa kwa makali ya mkasi, na stameni sita zimesimama wima zikielekea kila upande kwa usawa. Lina harufu nzuri. Crinum nyingi za nyika, zile za umbo la kengele, hazina usawa huo. Ua huinama au hutazama pembeni, petali ni pana, na stameni zote sita zinalala upande wa chini wa ua kisha ncha zake zikakunjika juu, kama kundi la nyasi zilizosukumwa na maji. Ukikata ua moja kwa wembe kutoka juu hadi chini, ukalifungua mezani, tofauti hiyo huonekana hata kwa mtoto wa darasa la nne: upande mmoja mtupu, upande wa pili nyuzi zote. Vifuko vya chavua vya Crinum hizo ni virefu na vimepinda kama mwezi mwandamo.

Kwa nini tunasema "nyingi" na si "zote"? Kwa sababu zipo Crinum zenye petali nyembamba na ua lililosawazika, ikiwamo Crinum asiaticum inayopandwa sana kwenye bustani za pwani. Lakini hiyo ni mmea mkubwa mno, majani yake yamesimama juu ya shina nene, na hakuna atakayeichanganya na feni iliyolala ardhini.

Lile jeupe lenye mstari ndilo watu hupenda kulipa jina haraka, na hapo ndipo tunapoomba subira. Waingereza walilipa jina la yungiyungi la pajama, na karibu kila Crinum yenye mistari Afrika Mashariki imewahi kuitwa Crinum kirkii, jina lililotolewa na mtaalamu wa mimea Baker kwa heshima ya John Kirk, aliyekuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar. Mstari mwekundu mgongoni mwa petali wanao wengi. Crinum macowanii anao pia, naye anaenea kutoka Kenya hadi Afrika Kusini. Kwa hiyo mstari unakuambia "Crinum", basi.

Ili kuendelea mbele, anza na vifuko vya chavua. Vya Crinum macowanii ni vya kijivu cheusi hadi nyeusi kabisa, na hiyo ni alama inayotumika hata kusini kuitenga na Crinum bulbispermum, ambayo vyake ni vyepesi. Lakini vitazame ua likiwa limefunguka saa chache tu. Kifuko kikishapasuka, chavua hukifunika na nyuki hukichakaza, na usipokuwa makini utaandika rangi ya chavua ukidhani ni rangi ya kifuko. Nenda jioni, au asubuhi na mapema kabla ya saa mbili.

Kisha pima. Mrija wa ua una urefu gani ukilinganishwa na petali: mfupi, sawa, au mrefu zaidi? Petali ina upana gani katikati? Kila ua lina kikonyo, au limekaa moja kwa moja kwenye ncha ya bua? Ukingo wa jani umenyooka au una mawimbi? Na tunda likija, lina mdomo uliochongoka juu au ni mviringo mtupu? Mtaalamu wa Crinum akipata majibu ya hayo matano pamoja na rangi ya vifuko, ana pa kuanzia. Akipata picha ya ua zuri kutoka mbele tu, hana. Hata hivyo usishangae ukijibiwa "Crinum, spishi haijathibitishwa". Hilo ni jibu la heshima, na ni bora kuliko jina la uhakika lililokosewa.

Kabla ya kusherehekea ua jeupe lolote, hakikisha si la bustani lililotoroka. Pale palipowahi kuwa na nyumba, misheni au kambi, matunguu hubaki miaka mingi baada ya watu kuondoka. Hippeastrum, lile yungiyungi kubwa jekundu au la mistari linalopandwa kila mahali, limetoka Amerika Kusini. Likate bua lililokwisha kuanguka: lina uwazi katikati kama mwanzi wa kunywea soda. Bua la Crinum limejaa ndani. Vivyo hivyo pwani kuna Hymenocallis kutoka Amerika, jeupe, lenye kikombe chembamba cha utando kinachounganisha stameni, na watu huliita Pancratium. Pancratium tenuifolium yetu, ile inayofunguka jioni nyikani baada ya mvua kubwa na kunukia usiku, ina kikombe kama hicho hicho. Mbegu ndizo zinazowatenganisha bila ubishi: za Pancratium ni nyeusi na kavu, za Hymenocallis ni kijani na zimejaa maji.

Na kwa kweli, kama ungeruhusiwa kuona kitu kimoja tu cha mmea wa familia hii, ungechagua mbegu. Crinum na Ammocharis hutoa mbegu kubwa za nyama, za kijani au kijivu, zisizo na ganda gumu, zenye umbo la kiazi kidogo kisichosawazika, na huanza kuota hata zikiwa juu ya meza bila udongo. Boophone pia mbegu zake ni za nyama, ila zimo ndani ya tunda kavu jembamba la pembe tatu. Scadoxus zimo ndani ya tunda jekundu lenye majimaji. Cyrtanthus ni nyeusi, bapa, nyembamba kama kipande cha karatasi, tayari kupeperushwa. Kwa hiyo ukichelewa maua, usiseme msimu umepita. Rudi baada ya wiki kadhaa.

Hiyo Cyrtanthus ndiyo tungependa uifungulie macho hasa. Kenya ina Cyrtanthus sanguineus, mmea mdogo wa sehemu zenye mawe, wenye ua moja au machache tu, makubwa kwa kimo chake, mekundu ya damu hadi rangi ya chungwa, yenye mrija unaopanuka kama tarumbeta. Bua lina uwazi ndani. Majani ni membamba, na wakati wa ua yanaweza yasionekane kabisa. Mtu akikuletea ua jekundu ambalo ni moja na kubwa, si mpira wa maua madogo mengi, acha kazi nyingine zote uende ukalione lilipoota. Hapo mazungumzo ya uadimu yana msingi kuliko kwa Scadoxus multiflorus, ambayo inaenea sehemu kubwa ya Afrika kusini mwa Sahara.

Kwa maana neno "adimu" limebeba mambo matatu tofauti, na jirani yako huenda ameyachanganya. Kuna mmea unaoishi eneo dogo tu duniani, kama Scadoxus cyrtanthiflorus yenye maua yanayoning'inia, ambayo haijulikani nje ya milima ya Rwenzori. Kuna mmea ulioenea sana lakini kila mahali ni mmoja mmoja. Na kuna mmea ambao ni mwingi kabisa, ila huonekana siku tano kwa mwaka halafu hutoweka ardhini. Ammocharis na Pancratium mara nyingi huhesabiwa adimu kwa sababu hii ya tatu. Ili kujua, hesabu. Tembea mstari wa mita 100 wiki ya kwanza baada ya mvua kubwa, uhesabu mimea yenye ua mita mbili kila upande. Rudi baada ya wiki tatu uhesabu yenye majani kwenye mstari ule ule. Idadi ya pili karibu daima ni kubwa kuliko ya kwanza, kwa kuwa si kila kitunguu huchanua kila mwaka. Rudia masika na vuli, miaka miwili. Ukiona mimea yote ni mikubwa na hakuna michanga hata mmoja, hilo ni jambo la kutia wasiwasi zaidi kuliko uchache wenyewe, kwa sababu maana yake ni kwamba mbegu hazifanikiwi, labda kwa malisho au kulimwa.

Kundi la suke tulipitie haraka. Drimia altissima hutoa bua refu, linaweza kufika mita 2, lenye mamia ya maua madogo meupe ya kijani, kiangazi, hakuna jani hata moja. Kitunguu chake ni kikubwa na utomvu wake huwasha ngozi vibaya. Albuca abyssinica ina maua ya kijani cha njano yanayoinama. Vile vidogo vyenye majani ya madoadoa ni Ledebouria au Drimiopsis: Ledebouria petali zake hujikunja nyuma na maua yana vikonyo, Drimiopsis maua ya juu yamebanana karibu bila vikonyo na petali hubaki zimejifunga.

Sasa namna ya kuandika kumbukumbu, maana shule yako inaweza kufanya kazi ya maana hapa. Mnahitaji simu, rula, wembe mmoja ukiwa mkononi mwako na si wa mtoto, lenzi ya kukuza mara 10, na daftari. Kwa kila mmea pigeni picha hizi: mazingira yote kutoka hatua kumi, mmea mzima kwa ubavu, rula ikiwa imesimamishwa kando, majani kutoka juu, shingo ya mmea pale inapoingia ardhini, baada ya kupangusa majani makavu kwa vidole, ala, ua kutoka mbele, ua kutoka ubavu ili mrija na ovari vionekane, na ua lililopasuliwa juu ya karatasi nyeusi au bluu, kwa sababu ua jeupe kwenye karatasi nyeupe hupotea. Andikeni tarehe, saa, idadi ya maua kwa kila bua, urefu wa bua, harufu, aina ya udongo (mweusi wa kupasuka, mwekundu, mchanga, mawe) na jira za simu (namba za GPS zinazoonyesha mahali). Kosa linaloharibu kumbukumbu nyingi kuliko yote ni kupiga ua leo na majani wiki ijayo bila kuweka alama, kumbe ni mimea miwili tofauti. Chomekeni kijiti chenye namba kando ya kila mmea, hatua moja upande wa kaskazini, namba ile ile iandikwe daftarini.

Kama mmea ni mwingi hapo, ua moja na kipande cha jani vinaweza kukaushwa kati ya magazeti chini ya uzito, mkibadilisha gazeti kila siku kwa siku nne au tano za mwanzo, la sivyo ua litaota ukungu kwa kuwa lina maji mengi. Bua nene lipasuliwe mara mbili kwa urefu. Andikeni rangi siku hiyo hiyo, maana ikikauka imekwenda. Sampuli ya namna hiyo pamoja na picha zinaweza kupelekwa kwenye Hebaria (hifadhi ya mimea iliyokaushwa) ya Afrika Mashariki, Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, Nairobi. Wenzetu wa Tanzania wana hebaria ya taifa Arusha na ile ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na Uganda iko Makerere. Kwenye hifadhi msichukue chochote bila kibali. Na mkiweka picha mtandaoni za mmea mnaoshuku ni adimu kweli, tajeni kaunti tu. Jira kamili zibaki daftarini na hebaria.

Kuhusu watoto, hili tunalisema kwa mkazo wote. Hakuna hata kimoja kati ya hivi cha kuonja, hata kama kinafanana na kitunguu cha jikoni. Familia hii ina sumu zinazotapisha, na Boophone ni hatari kwa maisha: imetumika kusini kama sumu ya mishale, na jina lake kwa Kigiriki linahusu kuua ng'ombe. Drimia ina sumu inayoharibu mapigo ya moyo. Gloriosa superba, lile ua la miali ya moto linalopanda kwa ncha za majani yake, haina kitunguu bali kiazi chenye umbo la V, na sumu yake, kolkisini, inaweza kuchukua saa kadhaa kabla ya kuanza kutapisha na kuharisha, mtu akadhani amepona. Mtoto akimeza chochote, nenda hospitali mara moja na picha ya mmea au kipande chake, usisubiri dalili. Baada ya kushika, mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kula na kabla ya kugusa macho.

Na hamu ya jirani ya kupanda shuleni ina njia yake, kwa mbegu. Chukueni mbegu chache za Crinum tunda linapopasuka lenyewe, zisizozidi moja kati ya kumi mnazoziona. Msizikaushe wala msiziweke kwenye bahasha mpaka mwezi ujao, zitakufa. Changanyeni udongo na mchanga nusu kwa nusu kwenye debe lenye matundu, lenye kina cha sentimita 25 au zaidi, wekeni mbegu juu ya udongo, muibonyeze hadi nusu tu. Mkiifukia yote mara nyingi huoza. Wiki chache baadaye mtaona kamba nene nyeupe ikitoka kwenye mbegu na kuingia ardhini. Huo si mzizi wa kawaida: unakipeleka kitunguu kichanga chini kabla jani la kwanza halijatoka, kwa hiyo mbegu iliyobaki juu isiondolewe hata ikisinyaa. Kwa Scadoxus, vaeni glavu, menyeni nyama nyekundu, osheni mbegu, ziwekeni juu ya udongo wenye mboji kivulini. Jani lake linaweza kuchelewa sana ilhali kitunguu kinajijenga chini, kwa hiyo mtoto asifukue kuangalia. Mwagilieni udongo ukishakauka juu, na kiangazi majani yakinyauka acheni kumwagilia hadi mvua irudi. Ua la kwanza litawachukua miaka kadhaa, kwa hiyo andikeni namba ya mmea mama kwenye debe kwa rangi isiyofutika, ili siku litakapofunguka mlilinganishe na picha za mwanzo.